Usukani wa Kayaki Ziwani Kivu: Bapa ni Rahisi, Kiungo Ndicho Kazi

Anayetoka Bukavu kwa kayaki kuelekea kaskazini baada ya saa saba mchana hugundua haraka kwamba mkono wake mmoja unachoka kabla ya mwingine. Upepo unampiga kwa mshazari kutokea nyuma, na kayaki, badala ya kushika njia aliyoichagua, inageuza pua yake polepole kuutafuta upepo. Anapiga kafi mara tatu upande mmoja na mara moja upande wa pili, na bado pua inarudi kulekule. Baada ya saa moja ya ubishi huo bega linawaka, kisiwa cha Idjwi kiko mbali vilevile, na mawazo yanaanza kumjia: kama chombo hiki kingekuwa na usukani!

Usukani wa kiwandani hauuzwi Bukavu. Ukiagizwa kutoka Ulaya, nauli na ushuru vinaweza kuipita bei ya kitu chenyewe. Kwa hiyo swali linakuwa la fundi: je, bapa la usukani linaweza kutengenezwa hapa, kwa vitu vya hapa? Jibu fupi ni ndiyo, mchana mmoja unatosha. Jibu refu ni kwamba watu wengi wanaolishughulikia jambo hili huanzia mahali pasipo na tatizo. Hulichonga bapa kwa siku tatu, wakalipiga msasa hadi ling'are, halafu wakalifunga kwenye kayaki kwa msumari mmoja na waya. Bapa halina matatizo makubwa. Yaliyolizunguka ndiyo yanayovunjika.

Kwanza tulitazame ziwa lenyewe, maana kifaa hutengenezwa kwa ajili ya mahali. Kivu iko mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, ina urefu wa karibu kilomita 90 na kina kinachokaribia mita 480. Mji wa Bukavu umekaa kwenye rasi tano zilizoingia majini kama vidole, na kati ya vidole hivyo maji yana utulivu wa kumdanganya mgeni. Anaondoka asubuhi kwenye ghuba iliyotulia kama chai kikombeni, anaipita ncha ya rasi ya mwisho, na huko anakutana na ziwa lingine. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti na pengine kuingia Septemba, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kiasi cha kuyakoroga maji ya tabaka la juu. Kwa msafiri wa kaskazini upepo huo hauji usoni. Unamjia nyuma ya bega la kulia, na huo ndio upande ambao kayaki huasi zaidi.

Sababu ya uasi huo ni rahisi kuieleza, na asiyeielewa atatengeneza usukani wa kazi nyingine. Chombo chembamba kinapokwenda mbele, pua yake inayakata maji ambayo hayajaguswa, na maji hayo yanaishikilia kwa shinikizo pande zote mbili. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, inapita kwenye maji yaliyokwisha vurugwa, hivyo haina wa kuishika. Upepo unaposukuma ubavu, pua inabaki ilipo na tezi inateleza. Matokeo yake chombo kinageuka kuutazama upepo, ingawa mpiga kafi hakutaka. Ukitia kitu bapa chini ya tezi, tezi nayo inapata wa kuishikilia, na ugomvi unakwisha. Hiyo ndiyo kazi ya usukani wa kayaki: kuinyoosha safari. Kona hupigwa kwa kafi na kwa kuinamisha kiuno, na aliyezoea hupiga kona hizo vizuri kuliko usukani wowote.

Kutokana na hilo kuna dawa moja ya bure ambayo nashangaa haitajwi mara nyingi. Kabla ya kukata bati lolote, sogeza mzigo nyuma. Chupa za maji, mfuko wa unga na nguo zikikaa nyuma ya kiti badala ya miguuni, tezi inazama kidogo zaidi na kushikwa na maji. Wapo ambao tatizo lao limeishia hapo. Kwao makala haya hayana faida zaidi ya aya hii.

Waliobaki wana njia mbili. Ya kwanza ni pezi, bapa lisilogeuka, linaloshushwa na kupandishwa kwa kamba kupitia tundu kwenye kitako cha kayaki. Ya pili ni usukani wenyewe, unaoning'inia nje ya tezi na kugeuzwa kwa miguu. Wapenzi wa kayaki duniani wamebishana juu ya mawili haya kwa miaka, kwa ukali kama wa mashabiki wa mpira. Wanaoukataa usukani hurejea kwa Wainuiti wa Greenland, waliowinda kwa chombo hiki kwenye bahari ya barafu bila usukani. Wanaoutaka huwa na mizigo mizito na safari ndefu. Mwaka 1956 daktari Mjerumani Hannes Lindemann aliivuka Atlantiki kwa siku 72 ndani ya kayaki ya kukunjwa iliyotengenezwa na kampuni ya Klepper. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa ameivuka bahari hiyohiyo kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia. Mtu wa Kivu anapaswa kulikumbuka hilo la pili kila anapoambiwa kwamba mtumbwi ni chombo cha ufukoni tu.

Kwa Bukavu naupendelea usukani, na sababu yangu ni ya kifundi. Pezi linahitaji kayaki itobolewe kitakoni na kutiwa kisanduku kisichovuja. Kosa moja hapo, maji yanaingia ndani. Usukani wa nje ukivunjika unabaki na kayaki nzima isiyo na usukani, yaani hali ileile uliyoanza nayo.

Neno lenyewe lina historia. Leo mtu akisikia usukani anawaza gari. Watu wa pwani walikuwa nalo karne nyingi kabla ya gari, na mabaharia wa zamani waliuita pia shikio. Mkono wa kuugeuzia waliuita kana. Katika nakala ya Maqamat ya al-Hariri iliyochorwa mwaka 1237 na Yahya al-Wasiti kuna picha ya jahazi lenye usukani umefungwa kwenye mti wa tezi. Wachina walikuwa wametangulia zaidi: sanamu ya udongo ya jahazi la enzi ya Han iliyofukuliwa Guangzhou ina usukani nyuma. Kwa hiyo hatuzungumzii ujuzi wa Ulaya peke yake.

Ila bara, kwenye Ziwa Kivu, usukani haukupata nafasi, na tusiuone huo kuwa upungufu. Mtumbwi wa Kivu huongozwa na kafi la mtu wa nyuma. Mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu kwa ajili ya kuvulia sambaza usiku, taa zikiwaka juu ya wavu, huongozwa na wapiga kafi wote kwa pamoja, kwa sauti na mwendo mmoja. (Sambaza nao ni wageni: waliletwa kutoka Tanganyika karibu na mwaka 1959, na leo ndio chakula cha kila nyumba.) Mwenye kafi nane hahitaji usukani. Usukani ni kifaa cha mtu aliye peke yake.

Kisha kuna boti za motere. Nyingi kati ya zile ndogo hazina usukani pia: motere ya kuning'iniza ndiyo inayosukuma na ndiyo inayoelekeza. Utaratibu huo ni mzuri hadi dakika inapozimika. Ikizimika, vitu viwili vinakufa pamoja, nguvu na mwelekeo, na boti inageuka taratibu hadi ubavu wake unayatazama mawimbi. Hapo hata usukani wa pembeni usingefaa sana, maana usukani hufanya kazi maji yanapopita juu yake tu. Chombo kilichosimama hakielekezwi. Wahenga wa pwani walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na usemi huo unafaa kukumbukwa Kivu kwa namna ya uchungu. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikiwa imekaribia kabisa bandari ya Kituku mjini Goma, na watu wasiopungua 78 wakafa. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema ilikuwa imebeba abiria 278. Aprili 2019 boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi akaagiza abiria wote wavae majaketi ya kuokolea. Hakuna bapa litakalokiokoa chombo kilichojazwa kupita kiasi. Nayataja haya ili msomaji ajue usukani unakaa wapi katika orodha ya mambo ya usalama: uko nyuma sana ya jile, yaani jaketi la kuokolea, na nyuma ya busara ya kutoondoka.

Sasa tupime nguvu, maana hapa ndipo mafundi wengi huogopa bure. Chukua bapa lenye upana wa sentimita 9 na lililozama sentimita 40. Kayaki inakwenda mita 1.5 kwa sekunde, zaidi kidogo ya kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mpiga kafi wa kawaida. Geuza bapa nyuzi sita au saba. Nguvu ya ubavuni unayoipata ni kama niutoni 20, sawa na uzito wa kilo 2. Ni mfuko mdogo wa unga. Mwendo ukishuka nusu, nguvu inabaki robo yake, nusu kilo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kwa mfano wimbi linapokubeba, inakuwa mara nne, kilo 8. Nguvu ndogo hizi zinatosha kwa kuwa zinafanya kazi mwisho kabisa wa chombo chenye urefu wa mita tano, mbali na kiti chako. Mtu anayesukuma mlango karibu na komeo hahitaji misuli.

Tazama sasa hesabu ya pili. Kayaki na mtu wake wana kilo 100. Kwa mwendo uleule, bapa linagonga jiwe na chombo kizima kinasimama ndani ya sentimita 5. Nguvu inayopita kwenye bapa na kiungo chake ni zaidi ya kilo 200. Ni mara mia ya ile ya kazi ya kawaida. Na pwani za Kivu ni za mawe, zinazoshuka ghafla kutoka kilimani hadi majini. Huna mchanga mrefu wa kuteleza juu yake kama Bagamoyo. Una mwamba, kisha kina, kisha mwamba tena pale unapotaka kushukia.

Uchambuzi wote wa usukani umo kati ya hesabu hizo mbili. Ukilitengeneza bapa liwe na nguvu ya kuhimili kilo 200, litakuwa zito, nene na baya majini, na mshtuko utahamia kwenye tezi ya kayaki yenyewe, ambayo ni ghali kuliko bapa mara nyingi. Ukilitengeneza kwa ajili ya kilo 2 hadi 8 na kulipa njia ya kukwepa, litadumu. Usukani mzuri wa Kivu ni ule unaojua kunyanyuka.

Nianze na bapa, kwa kuwa ndilo wasomaji hulisubiri, na nilipite kwa kasi linayostahili. Umbo kwanza. Bapa refu na jembamba hufanya kazi kuliko fupi na pana lenye eneo lilelile, na tena hubaki majini tezi inaponyanyuliwa na wimbi. Bati tupu lisilochongwa linafaa, ila linapoteza mshiko haraka: ukiligeuza zaidi ya nyuzi kumi hivi, maji yanaachana na mgongo wake na linageuka kuwa breki. Ukichonga ukingo wa mbele uwe mviringo na wa nyuma uwe mwembamba, linavumilia nyuzi zaidi. Umbo lililopimwa sana ni lile ambalo taasisi ya Marekani iliyoitwa NACA, mama wa NASA, ilichapisha vipimo vyake mwaka 1933 katika familia ya mabawa 78. Linaitwa 0012: unene wake ni asilimia 12 ya upana, na sehemu nene kabisa iko kwenye asilimia 30 kutoka ukingo wa mbele. Kwa bapa la sentimita 10, hiyo ni milimita 12 za unene, sentimita 3 kutoka mbele. Ni ubao wa kawaida kabisa.

Vifaa vitatu viko karibu. Cha kwanza ni alumini. Bamba la milimita 3 au 4 linakatwa kwa msumeno wa chuma, linapigwa tupa kingo zake, na kazi imekwisha. Kwa nguvu za kilo 2 halitapinda. Bapa la sentimita 50 lina uzito wa karibu nusu kilo, na uzito huo ni faida: linazama lenyewe. Maji ya Kivu hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo boliti za chuma kisichoshika kutu zinaweza kukaa na alumini miaka mingi bila kulana kama zinavyolana Mombasa. Tahadhari ipo juu ya alumini ya kuyeyusha, ile ya sufuria zetu. Kishawishi ni kikubwa: mwenye kumimina sufuria kwenye mchanga anaweza pia kumimina bapa lenye umbo kamili la bawa, bila tupa wala msasa. Lakini alumini iliyokusanywa kwenye vyuma chakavu na kumiminwa hivyo huwa na vitundu vya hewa ndani na hukatika badala ya kupinda. Itumie kwa kichwa cha usukani, ambacho kinaweza kuwa kinene. Bapa litoke kwenye bamba la kiwandani.

Cha pili ni tripleksi. Hapa adui ni gundi iliyo kati ya matabaka, na kipimo chake kinafanyika jikoni: kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa moja au mbili, kikaushe, kisha jaribu kuyatenganisha matabaka kwa kisu. Yakiachana, ubao huo ni wa dari. Yakishikana, una bapa. Chonga kwa randa na msasa, paka epoksi mara tatu, na utie zaidi kwenye ukingo wa chini ambao utagonga mawe. Ubao huelea, kwa hiyo bapa la ubao halitashuka bila kuvutwa.

Cha tatu ni plastiki ya bidoni, yaani dumu, na ninakiri ndicho kinachonivutia moyoni. Plastiki zinazoelea ziwani humaliza safari yake kwenye mlango wa Ruzizi, zikaziba mitambo ya bwawa na kutukatia umeme, kwa hiyo kila bidoni lililopata kazi nyingine ni faida kwa mji. Pwani wameonyesha njia: Lamu, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake waliishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa karibu tani 10 za plastiki iliyotupwa na kufunikwa kwa vipande vya ndala, na mwaka uliofuata wakalipeleka hadi Zanzibar. Mwaka 2021 lilizunguka Ziwa Victoria. Bidoni la lita 20 limetengenezwa kwa plastiki inayolainika karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, joto ambalo jiko la makaa na sufuria mbili nzito vinaweza kulitoa, mradi moto usiiguse plastiki yenyewe na uwe nje penye hewa. Ukuta wa bidoni ni mwembamba. Unahitaji matabaka manne au matano kuyabana yawe kipande kimoja cha milimita 8 au 10.

Matatizo ni mawili. Plastiki hii hukataa gundi na rangi, kwa hiyo kila kitu kifungwe kwa boliti. Na ni laini: kwa unene uleule, alumini huizidi kwa ugumu wa kupinda mara sabini hivi. Bapa la plastiki linalegea kwenye jua la mchana likiwa limelazwa juu ya kayaki, na likipoa linabaki na mgongo wa nundu. Bapa lenye nundu hukupeleka upande mmoja siku nzima. Likigonga jiwe, hata hivyo, ni nadra livunjike. Kwa mwanafunzi, au kwa kayaki ya kukodisha, ningelikubali.

Yote matatu yanafaa, ndiyo maana nilisema bapa si tatizo. Tuje kwenye kiungo.

Usukani wa nje una mizunguko miwili. Kichwa kinazunguka kushoto na kulia juu ya pini iliyosimama wima kwenye tezi. Ndani ya kichwa, bapa linazunguka juu na chini juu ya boliti iliyolala. Mzunguko wa kwanza unaelekeza, wa pili unaokoa. Mafundi wa haraka hutengeneza wa kwanza tu, bapa likiwa limekazwa moja kwa moja kwenye kichwa, na siku ya kwanza ya kushuka kwenye mawe hurudi nyumbani na tezi iliyopasuka.

Boliti ya mzunguko wa pili isikazwe sana. Tia pande zote mbili za bapa duara la plastiki lililokatwa kwenye bidoni, ili bapa liteleze bila kuchezacheza, na tumia nati yenye kufuli ya nailoni au nati mbili zinazobanana, vinginevyo mtetemo utaifungua katikati ya ziwa. Uchezaji kwenye boliti hii ndio unaofanya usukani upige kelele na kuyumba. Milimita moja juu inakuwa sentimita nzima kwenye ncha.

Halafu, bapa libaki chini kwa njia gani? Maji yanalisukuma nyuma na juu kila unapolipeleka mbele, na la ubao au plastiki linataka kuelea tangu mwanzo. Kamba iliyokazwa ingelishikilia, lakini kamba haina huruma: likigonga, kamba inabaki imekaza na kilo 200 zinapita. Jibu liko kwenye kila pikipiki na kila baiskeli ya mizigo mjini Bukavu: mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi. Funga mpira huo kutoka ukingo wa mbele wa bapa hadi kwenye kichwa, ukaze kiasi cha kulirudisha bapa chini baada ya pigo. Kwa kilo 2 haujinyooshi sana. Kwa kilo 20 unaachia, bapa linanyanyuka, linavuka jiwe, linarudi. Kamba ya pili, nyembamba, iende kwenye kiti chako ili ulinyanyue mwenyewe kabla ya kufika ufukoni. Mpira wa tyubu huchoka kwa jua. Ubadilishe kila msimu.

Pini ya wima nayo iwe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, kwa makusudi. Mawazo ya kawaida yanamwambia fundi aweke chuma kinene kabisa hapo. Mimi nasema weka fimbo ya alumini, au hata kijiti cha mti mgumu, kinachokatika kabla ya tezi kupasuka, na ubebe vingine viwili mfukoni. Pigo la ubavuni, kayaki inapobingirishwa na wimbi juu ya mawe, halisaidiwi na mpira wa tyubu. Linasaidiwa na pini inayokubali kufa. Kichwa chote kifungwe pia kwa kamba fupi kwenye kayaki. Pini ikikatika bila kamba hiyo, alumini yako inaanza safari ya mita mia nne kwenda chini.

Waya za kuvutia ni zile za breki ya baiskeli, ndani ya ganda lake. Zinatosha kabisa kwa nguvu hizi. Zipite bila kona kali, maana kila kona inaongeza msuguano, na usukani wenye msuguano haurudi katikati wenyewe. Mwisho wa waya, kwenye miguu, ndipo ninapobishana na vifaa vingi vya kiwandani vya zamani. Vilikuwa na pedali zinazoteleza mbele na nyuma, mguu mmoja ukienda, mwingine ukirudi. Nguvu ya mpiga kafi hutoka miguuni. Anayesukuma pedali inayokimbia ni kama anayelima amesimama kwenye utelezi. Weka ubao imara wa kukanyagia usiosogea, kisha juu yake vibao vidogo viwili vya kusukumwa kwa vidole gumba tu. Kwa kilo 2, kidole gumba kinatosha.

Usikate tundu lolote kabla ya kulijaribu bapa kwa njia ya bei rahisi: lifunge kwa kamba na mpira nyuma ya kayaki bila waya wala pedali, likiwa limenyooka, kama pezi tu. Toka nalo mchana wa upepo, karibu na ufuko wa Nguba au Muhumba ambako rasi ziko karibu. Likikuondolea tatizo hivyo hivyo, huhitaji pedali. Huenda wengi wakaishia hapo na kuokoa nusu ya kazi.

Tena jaribu kinyume chake: siku moja ya upepo, linyanyue bapa kabisa na urudi nyumbani kwa kafi na kiuno peke yake. Asiyeweza kurudi hivyo asiende Idjwi, awe na usukani au asiwe nao.

Kwa upande wangu nimeshaamua: tripleksi ya milimita 12 iliyopita mtihani wa sufuria, upana sentimita 10, urefu sentimita 50, kichwa cha alumini, mpira wa tyubu mbele, pini ya kijiti, na vijiti viwili vya akiba mfukoni mwa jile.